Mdoriani uliochanua bila kuzaa

Katika shamba la marehemu babu yangu, upande wa Kidichi, Unguja, upo mdoriani mmoja mrefu ambao kwa zaidi ya miaka kumi ulikuwa ukichanua vizuri na kuzaa vibaya. Nilipokuwa mtoto ulizaa sana, hata tukakatazwa kucheza chini yake wakati wa msimu kwa kuchelea doriani, lile tunda lake kubwa la miiba, kumwangukia mtu kichwani. Kisha jirani yetu akaukata mdoriani wake ili apate nafasi ya kujenga, na tangu mwaka uliofuata wetu ukawa unapukutisha maua yote bila kubakisha tunda, au ukibakisha mawili matatu yaliyopinda, yamenenepa upande mmoja na kusinyaa upande wa pili. Wakati huo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeyahusisha mambo hayo mawili. Bibi aliamini kwamba mti umepigwa jicho. Ami yangu, ambaye ndiye msimamizi wa shamba, alisema ardhi imechoka, akautilia samadi. Mwaka mwingine akasema umezeeka, akapogoa matawi ya chini. Mti ukaendelea kuchanua, na sisi tukaendelea kununua doriani sokoni Darajani.

Sababu niliielewa nikiwa mbali sana na Kidichi, katika vilima vya Balik Pulau, kisiwani Penang, Malaysia, nilikokwenda kwa masomo ya miezi sita. Tangu niliporudi nimekuwa nikitaka kuandika habari za mti huu kwa utulivu, kwa sababu naona sisi tunaolila tunda lake tumekuwa tukizungumzia harufu yake kali tu, ilhali harufu hiyo ni kipande kimoja cha maisha ya mti wenye mengi ya kusimuliwa, tena mti wenye ndugu ambao wengi wetu hatujapata hata kusikia majina yao.

Mdoriani wetu ni spishi moja, Durio zibethinus, katika jenasi iitwayo Durio, ambayo ina spishi takriban 30. Jenasi hii huota yenyewe katika misitu ya mvua ya Asia ya Kusini-Mashariki, kuanzia Myanmar, kupitia rasi ya Malaysia na Sumatra, mpaka Borneo, na Borneo ndiko kwenye spishi nyingi kuliko mahali pengine popote. Jina lenyewe ni la Kimalay: duri ni mwiba, na durian ni kitu chenye miiba. Wataalamu wa mimea wameiweka katika familia ya Malvaceae, yaani familia ya pamba na bamia, na niliposoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilidhani pana kosa la uchapaji, kwa maana sikuona mti wenye kufika mita 30 na zaidi ungewezaje kuwa na undugu na mmea wa bustanini unaochumwa kwa kuinama. Lakini mtu akilikata bamia kwa upana ataona vyumba vyake, mara nyingi vitano, vilivyopangwa kama nyota, kila kimoja na mbegu zake. Kisha akilipasua doriani kwa kufuata mishono yake atakuta vyumba vitano vilevile, ila hivi ni vikubwa na mbegu zake zimefunikwa kwa nyama laini. Tunda la pamba nalo hupasuka kwa namna hiyo hiyo. Mkakao umo katika familia hii, na mbuyu umo, na msufi umo. Zamani mbuyu, msufi na mdoriani iliwekwa katika familia yao ya pekee iliyoitwa Bombacaceae, mpaka uchunguzi wa DNA ulipoonyesha kwamba mpaka ule haukuchorwa mahali pake, familia zikaunganishwa.

Kwangu mimi undugu wa mbuyu na mdoriani si jambo la vitabuni tu, maana tabia za miti hii zinafanana. Mbuyu hufungua maua yake jioni na kumngoja popo. Msufi pia humngoja popo. Nilipofahamu hivyo ndipo nilipoanza kuuangalia mdoriani kwa jicho jingine.

Mwenye shamba aliyenipokea Balik Pulau alikuwa mzee wa Kimalay ambaye nilimwita Pakcik, neno ambalo kwao huitiwa mtu wa makamo ya ami. Nilipomsimulia habari za mdoriani wa Kidichi hakunijibu kitu, bali aliniambia nirudi msimu wa maua utakapofika, na nije alasiri. Nilirudi. Maua ya mdoriani hayatoki kwenye ncha za vitawi kama yanavyotoka ya mwembe. Hutoka moja kwa moja kwenye matawi makubwa yaliyokomaa, na pengine kwenye shina lenyewe, yakining'inia upande wa chini wa tawi kwa vishada, na kishada kimoja huweza kuwa na maua 3 mpaka 30. Mchana matumba huwa yamefumba, ya duara, rangi yake kama shaba iliyofifia. Jua lilipoanza kushuka yalianza kupasuka, petali tano zenye rangi ya maziwa zikajikunja kwa nyuma, stameni ndefu, zile nyuzi za kiume za ua, zikachomoza, na shamba zima likajaa harufu nzito inayokaribia ya maziwa yaliyochachuka. Mbochi, yale maji matamu ya ua, yalikuwa mengi kiasi cha kudondoka.

Tulikaa kimya kwenye banda lake. Baada ya magharibi walianza kuja popo, mmoja kisha mwingine, wakigusa ua kwa muda mfupi kiasi kwamba jicho halikuweza kusema kama mnyama ametua au amepita tu. Hawakung'oa kitu. Pakcik aliniambia kwamba wakulima wengine huwawinda popo kwa kudhani kwamba wanakula maua, kwa sababu asubuhi hukuta chini ya mti pametandikwa petali na stameni. Lakini mdoriani huangusha sehemu hizo wenyewe usiku ule ule, popo aje asije, na kinachobaki kwenye tawi ni sehemu ya kike ya ua, ambayo itakuwa tunda ikiwa imepata chavua inayofaa, yaani ule unga wa kiume wa maua.

Neno hilo, chavua inayofaa, ndilo jibu la swali langu. Midoriani mingi hukataa chavua yake yenyewe. Chavua ya mti ikifika juu ya ua la mti ule ule, ua huanguka, au likishika hutoa tunda lililopinda kwa sababu baadhi ya vyumba vyake havikupata mbegu. Mti unahitaji mwenzake, na unahitaji mnyama wa kusafiri kati yao usiku huo mmoja ambao ua liko wazi. Jirani yetu alipoukata mdoriani wake kwa ajili ya nyumba, ambayo alikuwa na haki kamili ya kuijenga katika kiwanja chake, alikata pia uzazi wa mdoriani wetu, na hakuna aliyejua. Niliposikia maelezo haya nilikumbuka samadi yote ile ambayo ami aliibeba kwa mkokoteni, nikasikitika sana.

Jambo hili linawahusu pia wanaopanda kwa biashara. Huko Asia midoriani mizuri hupandwa kwa miche ya kubebesha, yaani kikonyo cha mti bora hubebeshwa juu ya mche mwingine, ili tunda lisibadilike. Miti elfu moja iliyobebeshwa kutoka mama mmoja ni, kwa hesabu ya chavua, mti mmoja. Kwa sababu hiyo mkulima mwenye busara huchanganya aina, na wapo wanaopanda ngazi usiku na brashi ndogo kupaka chavua ya aina moja kwenye maua ya aina nyingine. Pakcik alinifundisha kazi hiyo kwa mikono yake, na baadaye ikanifaa.

Mchavushaji mkuu wa mdoriani huko Malaysia ni popo mdogo wa mapangoni mwenye ulimi mrefu, Eonycteris spelaea. Utafiti uliofanywa katika miaka ya 1970 ulionyesha pia kwamba popo huyu haishi kwa mdoriani peke yake, na hawezi kuishi hivyo, kwa kuwa mdoriani huchanua kwa muda mfupi tu katika mwaka. Miezi mingine hujilisha kwa maua mengine, na miongoni mwa muhimu zaidi ni ya mikoko ya jenasi ya Sonneratia, ambayo sisi tunaye ndugu yake katika mikoko yetu, mlilana. Kwa hiyo mtu anayekata mikoko pwani anaweza kupunguza madoriani milimani bila ya kuugusa mdoriani hata mmoja. Mapango nayo yanavunjwa kwa ajili ya mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji. Hii ndiyo sehemu ya habari hizi inayonigusa zaidi kuliko zote, maana ni hadithi ya Kidichi iliyokuzwa: mti umesimama, umechanua, umetiliwa mbolea, na kinachokosekana kiko mbali na macho ya mwenye mti.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kazi iliyofanyika katika kisiwa cha Tioman, mashariki ya rasi ya Malaysia, ambako waliweka kamera juu ya midoriani na kugundua kwamba hata popo wakubwa wa jenasi ya Pteropus, wale ambao wakulima huwaona waharibifu, hunywa mbochi bila kuharibu ua na huchavusha kweli. Nilisoma matokeo hayo nikiwafikiria watu wa Pemba, kwa sababu popo wa Pemba ni wa jenasi hiyo hiyo, na alikuwa amekaribia kutoweka kwa kuwindwa kabla ya vijiji kuanza kumlinda na idadi yake kurudi kuwa maelfu mengi. Mwenye kwenda Kidike, huko Pemba, akawaona wamening'inia mchana juu ya miti, asiwaone kama mkosi.

Si kila Durio hungoja popo. Katika msitu wa Lambir, Sarawak, upande wa Malaysia wa Borneo, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba Durio grandiflorus na Durio oblongus huchavushwa na ndege wa jamii ya chozi wenye midomo mirefu iliyopinda, na kwamba Durio kutejensis hupokea nyuki, ndege na popo. Huyu wa mwisho ndiye anayeitwa lai, na tunda lake lina nyama ya manjano iliyokolea na harufu ndogo, kiasi kwamba mtu aliyelikimbia doriani la kawaida anaweza kukaa nalo meza moja. Spishi zisizopungua tisa zina matunda yanayoliwa, ingawa katika biashara ya kimataifa karibu yote ni zibethinus. Lipo lahong, Durio dulcis, ambalo ganda lake na miiba yake ni myekundu na harufu yake hufika mbali kuliko ya doriani letu. Lipo lile la Durio graveolens, ambalo nyama yake huweza kuwa ya rangi ya chungwa au nyekundu kabisa. Na lipo lile ambalo Wamalay huliita durian kura-kura, yaani doriani la kobe, Durio testudinarum, linalozaa chini kabisa ya shina, karibu na udongo, mahali ambapo hata kobe angeweza kulifikia. Niliuona mti mmoja wa aina hiyo katika bustani ya mimea, na nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, kwa sababu kichwani mwangu doriani lilikuwa kitu cha juu, cha kusubiriwa lianguke, na hapa lilikuwa limekaa miguuni pangu. Kadhaa kati ya spishi hizi zimo katika orodha za kimataifa za miti iliyo hatarini, kwa kuwa misitu ya Borneo imekatwa sana.

Sasa niseme kuhusu harufu, ambayo sikuisahau. Mwaka 2017 wanasayansi wa Singapore walichapisha mpangilio wa jeni zote za doriani la aina ya Musang King, wakakuta jeni zaidi ya 45,000, na wakaona kwamba jeni inayohusika na kutengeneza misombo ya salfa inayonukia imejirudia nakala kadhaa, na hufanya kazi zaidi tunda linapoiva. Misombo hiyo ni jamaa wa ile inayotoka katika kitunguu. Mti haukujitengenezea harufu hiyo bure. Tunda likikomaa huanguka chini ya msitu mnene, mara nyingi usiku, mahali ambapo rangi haina kazi, na mnyama anayehitajika kubeba mbegu, awe tembo au orangutani au dubu, yuko mbali nyuma ya majani. Harufu ndiyo sauti ya tunda. Miiba hulilinda mpaka wakati wake, na wakati wake ukifika mishono hulegea, harufu ikaenda kuwaita walaji.

Jina zibethinus nalo linatokana na harufu na mnyama, na hapa Kiswahili kina sehemu yake. Neno hilo la Kilatini limetokana na zibetto la Kiitaliano, ambalo limetokana na zabād la Kiarabu, na hilo ndilo zabadi letu, yale mafuta yenye harufu kali yanayotoka kwa fungo na kutiwa katika manukato. Rumphius, mtaalamu wa mimea aliyeishi kisiwani Ambon, katika Indonesia ya leo, na kupofuka huko, ambaye maandishi yake makubwa yalianza kuchapishwa mwaka 1741 baada ya kufa kwake, alieleza kwamba watu walitumia doriani kama chambo cha kuwanasa fungo. Na kwa Kimalay fungo ni musang. Musang King, ile aina ghali iliyosajiliwa na idara ya kilimo ya Malaysia mwaka 1993 kwa namba D197, hapo awali iliitwa Raja Kunyit, mfalme wa manjano, kwa rangi ya nyama yake. Nilipenda sana kuona kwamba jina la kitaalamu na jina la sokoni, yaliyotoka katika njia mbili zisizokutana, yote mawili yanamtaja fungo.

Wageni wengi wameanza kwa kulichukia tunda hili. Alfred Russel Wallace, Mwingereza aliyesafiri katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki kati ya 1854 na 1862, alishindwa na harufu yake huko Melaka, kisha akiwa Borneo akakuta lililoiva limeanguka chini, akalila nje penye hewa, na tangu siku hiyo akawa mlaji wake wa kudumu. Naamini tofauti ilikuwa katika kule kuanguka. Doriani lililokatwa mtini likaiva njiani, kama wanavyofanya Thailand ili lihimili safari, ni zuri, lakini si sawa na lililoanguka lenyewe usiku na kuokotwa alfajiri. Malaysia husubiri lianguke, na hutandaza nyavu chini ya miti kulipokea. Tunda la namna hiyo lina siku chache tu za uhai, na kwa miaka mingi liliweza kufika China likiwa limegandishwa tu, mpaka ruhusa ya kupeleka matunda mabichi ilipopatikana mwaka 2024. China pekee iliagiza takriban tani milioni 1.4 za doriani mwaka 2023. Uhitaji huo umewatajirisha wakulima wengi, na pia umesukuma misitu kukatwa ili ipandwe midoriani, ambayo itachanua ikiwangoja popo waliofukuzwa na ukataji huo huo.

Mbegu ya doriani haivumilii kukauka. Ikikaushwa kama mahindi hufa, na ikiachwa penye unyevu huota baada ya siku chache. Aliyeileta katika visiwa vyetu, kwa njia yoyote aliyoileta, alipaswa kuihudumia safarini kama mtu anayesafiri na mtoto mchanga: kuitunza katika unyevu, au kubeba miche hai na kuimwagilia maji matamu ambayo yeye mwenyewe aliyahitaji kunywa. Kila nikipita chini ya mdoriani wa babu huwa nafikiria hilo.

Niliporudi Unguja nilimweleza ami yote niliyoyaona. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hivyo mti haukuwa na ugonjwa?" Nikamwambia, "Haukuwa na ugonjwa, ami. Ulikuwa peke yake." Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba rafiki yake mmoja mwenye shamba mbali kidogo na sisi ana mdoriani unaozaa vizuri. Maua yalipofika nilikwenda huko jioni, nikakusanya stameni zilizofunguka katika kikopo kikavu, nikapanda pikipiki kurudi Kidichi, na ami akanishikia ngazi huku nikipaka chavua kwa brashi kwenye vishada nilivyoweza kuvifikia kwa mwanga wa tochi. Tulifanya hivyo usiku tatu. Maua ya juu, ambayo hatukuyafikia, yalipukutika kama kawaida yake. Kwenye matawi mawili ya chini yalibaki matunda tisa, na moja baada ya jingine yakanenepa pande zote.

Zaidi ya miezi mitatu baadaye ami alinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri. Doriani la kwanza lilikuwa limeanguka, naye alikuwa amelisikia kutoka kitandani. Mbegu zake tumezipanda siku ile ile katika mifuko yenye udongo wa maji maji, pamoja na mbegu za mdoriani wa rafiki yake, na miche saba imeota. Minne tutaiweka upande wa kiwanja uliokuwa na mdoriani wa jirani, ambaye amekubali, na ameomba mmoja kwa ajili ya ua wake.